Amana ya Habari: Historia ya Elimu ya Usalama wa Mitandao Itazamwavyo Kutoka Kilosa na Mikumi

Bonde la Mto Mkondoa, ambamo mji wa Kilosa umekaa chini ya milima ya Usagara, limekuwa njia ya watu na ya habari tangu zamani za misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe na Ujiji, na kila zama iliyopita katika njia hiyo imeacha alama yake: nyayo za wapagazi, nguzo za simu ya waya, reli ya Wajerumani, na katika siku zetu hizi reli ya umeme. Habari za mizigo iliyopita hapo, pembe na mkonge na pamba, zimeandikwa na wengi; habari za maneno yaliyopita hapo, yaani barua, simu, hati na hesabu, zimeandikwa na wachache; na wachache zaidi wameuliza ni nani aliyekabidhiwa kuyalinda maneno hayo njiani. Swali hilo ndilo linalofundishwa leo katika vyuo vikuu vyetu kwa jina la usalama wa mitandao na kompyuta, na madhali darasa lake sasa limewasogelea vijana wa Kilosa na Mikumi kuliko wakati wowote uliopita, yafaa historia yake ielezwe kwa kuanzia kwao.

Mwishoni mwa mwaka 1884 Karl Peters na wenzake walipita Uzigua, Nguru, Usagara na Ukami, wakiwafanya wakuu wa nchi watie alama zao juu ya karatasi zilizoandikwa kwa Kijerumani, na tarehe 27 Februari 1885 Kaisari wa Ujerumani akatoa hati ya ulinzi juu ya nchi hizo kwa ithibati ya karatasi zile zile. Mkuu aliyetia alama hakuwa na njia ya kujua kama maneno aliyosomewa na mkalimani ndiyo maneno yaliyoandikwa. Na msomaji wa Berlin, kwa upande wake, hakuwa na njia ya kujua kama aliyetia alama alikuwa na mamlaka ya kuitoa nchi. Hati zile zilishinda kwa bunduki na kwa umbali wa safari, hazikushinda kwa ukweli wake. Nimezitaja kwa sababu kila mwanafunzi wa elimu hii huanza masomo yake kwa maswali hayo hayo ambayo Usagara ilinyimwa nafasi ya kuyauliza: huyu asemaye ni nani hasa, maneno yake yamefika kama alivyoyasema, na je, anayo idhini ya kutenda alitendalo?

Reli ya Kati ilifika Morogoro mwaka 1907, ikapita Kilosa, na mwaka 1914 ikaiona Kigoma, na waya wa simu ulikwenda nayo bega kwa bega. Vita Vikuu vya Kwanza vilipoanza, jambo la awali walilolitafuta Waingereza katika pwani yetu lilikuwa chombo cha habari: tarehe 8 Agosti 1914 manowari yao iitwayo Astraea iliupiga mizinga mji wa Dar es Salaam ikikusudia mnara wa simu ya upepo, ili Wajerumani wasiweze kusemezana na meli zao baharini. Miaka miwili baadaye, katika Agosti ya 1916, majeshi ya Jenerali van Deventer yaliingia Kilosa, na pamoja na stesheni yakautwaa waya. Katika utawala wa Wajerumani na katika wa Waingereza, mwenyeji aliajiriwa kuchimba mashimo ya nguzo, kisha akaajiriwa kupitisha ujumbe. Lakini elimu ya kuusitiri ujumbe huo, na ya kuufumbua ujumbe wa adui, ilibaki katika makabati ya wakubwa, wala haikuhesabiwa kuwa miongoni mwa mambo ambayo mtu wa Kilosa angeweza kuyahitaji.

Na kinachosikitisha ni kwamba asili ya elimu hiyo haikuwa mbali nasi kwa lugha wala kwa biashara. Katika karne ya 9, mjini Baghdad, mwanachuoni al-Kindi aliandika risala juu ya kufumbua maandishi yaliyofichwa, na hoja yake ilikuwa nyepesi na yenye nguvu: katika kila lugha zipo herufi zitumiwazo sana na zipo zitumiwazo kwa nadra, kwa hiyo mtu akibadilisha kila herufi kwa nyingine, sura ya herufi hubadilika lakini wingi wake haubadiliki. Msomaji aweza kuijaribu hoja hiyo kwa Kiswahili chetu. Achukue ukurasa wowote, ahesabu, na ataona kwamba a inazipita nyingine zote. Basi adui akipokea barua ambayo kila a imegeuzwa kuwa m, hatahitaji muda mrefu kujua m ile imesimama badala ya nini. Pwani yetu ilipokea kutoka Uarabuni hati, sheria, tiba na falaki. Ilmu hii haikuteremka jahazini pamoja nazo, na sisi tulikuja kuipokea kwa njia ndefu ya Ulaya, baada ya miaka elfu moja na zaidi.

Mwaka 1964 Mikumi ilitangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa, na mwaka huo huo, ng'ambo ya bahari, Mmarekani Paul Baran alitoa maandiko yake juu ya mtandao usio na kitovu kimoja, ambao ukikatwa hapa hupata njia pale. Mwaka uliofuata, 1965, kompyuta ya kwanza ya Serikali yetu, aina ya ICT 1500, iliwekwa katika Wizara ya Fedha. Miaka haikuwa mingi kabla furaha ya kuipata mashine ile haijageuka majuto: jaribio la kuziingiza hesabu za Serikali katika mashine mpya lilivurugika, gharama zikapanda, nchi ikawategemea mafundi wa kigeni, na mwaka 1974 amri ikatolewa ya kuzuia kuingizwa kwa kompyuta pamoja na televisheni. Sitaki kuwahukumu kwa ukali waliotoa amri ile. Nchi ilikuwa maskini, fedha za kigeni zilikuwa adimu, na mtawala aliyeona mashine asiyoweza kuikagua ikizila hesabu zake alikuwa na haki ya kuogopa. Ila dawa iliyochaguliwa ilikuwa kuifunga mashine nje ya mlango, ilhali dawa iliyohitajika ilikuwa kumsomesha mkaguzi wake.

Maana katika miaka ile ile ambayo mlango wetu ulikuwa umefungwa, elimu hii ilizaliwa upya. Mwaka 1976 Whitfield Diffie na Martin Hellman walionyesha kwamba watu wawili wasiopata kuonana, wakisemezana mahali pa wazi ambapo adui anasikia kila neno, waweza kukubaliana siri ambayo adui yule hataijua. Mwaka uliofuata Rivest, Shamir na Adleman, katika chuo cha MIT, wakatoa njia yao iliyojengwa juu ya namba tasa. Kiini chake chaweza kuelezwa darasani hata katika shule ya kata: mwambie mwanafunzi azidishe 53 kwa 61, naye atakuletea 3233 kwa muda mfupi, mpe mwingine 3233 peke yake, mtake ataje namba tasa mbili zilizoizaa, naye atahangaika. Namba zikirefushwa hadi tarakimu mia kadhaa, hangaiko hilo huishinda kila mashine tunayoijua leo, na juu ya hangaiko hilo fedha za dunia zimelala salama. Wala haya si mageni tena kwa mwana Kilosa, kwa kuwa kila anayefungua ukurasa wa benki katika simu yake anatumia hisabati ya ukoo huo bila kuiona.

Tarehe 2 Novemba 1988 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell, Robert Tappan Morris, aliachia katika intaneti changa ya Marekani programu iliyojizalisha yenyewe, ikazilemea kompyuta zinazokadiriwa kuwa 6,000, na kutokana na fadhaa ile kikaundwa katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon kituo cha kwanza cha kuitikia dharura za kompyuta. Tangu hapo vyuo vikuu vilitambua kwamba jambo hili lataka kufundishwa kwa jina lake. Chuo cha Royal Holloway cha London kilianza shahada ya uzamili ya usalama wa taarifa mwaka 1992. Kwetu, mwaka huo, vizuizi vya kompyuta vilikuwa vimekwisha kulegezwa, na intaneti ilikuwa bado haijafika.

Ilipofika, katikati ya miaka ya 1990, ilifika kwa kasi na bila mlinzi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa na Kituo chake cha Kompyuta, walimu wake walikuwa wachache na wenye bidii, na kwa msaada wa shirika la Sida la Sweden, nchi ambayo ilikuwa sahibu wa elimu yetu kwa miaka mingi, njia ilipatikana ya kuwapeleka Watanzania Stockholm kusomea uzamivu. Hapo ndipo ninapotaka msomaji atulie kidogo, kwa kuwa aghalabu tukisimulia maendeleo ya mtandao tunasimulia minara na nyaya, tukawasahau watu waliokaa katika baridi ya kaskazini kutafakari namna ya kuvilinda. Chini ya malezi ya Profesa Louise Yngström na wenzake, Job Asheri Chaula na Charles Tarimo walihitimu mwaka 2006, na Jabiri Kuwe Bakari akahitimu mwaka 2007. Tarimo alitunga orodha ya kupimia utayari wa usalama katika nchi zinazoendelea. Chaula alichunguza namna ya kupata uthabiti wa usalama wa mifumo, akaonyesha kwamba haufahamiki kwa kutazama mashine pekee, maana mfumo ni mashine pamoja na watu, mila zao na kanuni zao. Bakari alichunguza taasisi zisizo za kibiashara hapa Tanzania, akaona kwamba wakubwa wa ofisi waliliona jambo la usalama kuwa ni la mafundi, na mafundi hawakuwa na lugha ya kuwaeleza wakubwa hatari iliyopo kwa namna ya kuwafanya watoe fedha na amri.

Kwa maoni yangu, utafiti huo wa mwisho unastahili kusomwa na kila mkurugenzi wa halmashauri, ya Kilosa ikiwa mojawapo. Seva iliyosahauliwa katika chumba cha joto, nenosiri moja linalojulikana na ofisi nzima, mtumishi aliyehamishwa miaka miwili iliyopita na bado jina lake lafungua mfumo: hakuna hata moja katika hayo linalomhitaji mdukuzi hodari, na yote ni matokeo ya pengo lile kati ya meza ya mkubwa na benchi la fundi. Bakari mwenyewe aliporudi hakuachwa katika maktaba. Aliiongoza Wakala ya Serikali Mtandao tangu siku zake za mwanzo, kisha akawa Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na kwa hiyo mtu aliyeandika juu ya pengo akapewa dhamana ya kulijaza.

Elimu iliyosafiri hadi Stockholm ikaanza kurudi nyumbani. Mwaka 2007 kilianzishwa Chuo Kikuu cha Dodoma, na ndani yake ikakua ndaki ya habari na elimu angavu, ambayo leo hufundisha shahada ya kwanza katika usalama wa mtandao na uchunguzi wa ushahidi wa kidijitali. Chuo cha Uhasibu Arusha nacho kina shahada yake. Na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina ndaki ya teknolojia ya habari na mawasiliano huko Kijitonyama. Dodoma naitaja kwa mkazo kwa kuwa ndiyo iliyo karibu na Kilosa kwa reli. Mwanafunzi anayeingia huko akidhani atafundishwa kuvunja akaunti za watu hukutana kwanza na hisabati: mantiki, uwezekano, nadharia ya namba. Kisha hufunguliwa kompyuta yenyewe, aone jinsi mfumo endeshi unavyogawa kumbukumbu na ruhusa. Kisha mitandao, jinsi ujumbe unavyokatwa vipande na kila kipande kupewa anwani. Ndipo huja usimbaji fiche, ukaguzi wa programu, kukusanya ushahidi kwa namna itakayokubaliwa mahakamani, na sheria.

Kwa mtu wa Mikumi upo mfano mmoja wa masomo hayo unaomfaa kuliko yote ya vitabuni. Tawi la reli litokalo Kilosa kupitia Mikumi huishia Kidatu, ambako reli ya kale yenye upana wa milimita 1,000 hukutana na reli ya TAZARA yenye milimita 1,067. Behewa la huku haliwezi kuendelea kule, kwa hiyo mzigo hushushwa na kupakiwa upya. Mitandao nayo imejaa Kidatu nyingi, mahali ambapo ujumbe huvuliwa vazi la mfumo mmoja na kuvikwa la mwingine, na mlinzi mwenye maarifa huweka macho yake hapo kwanza, maana mzigo uliofunguliwa ndio unaoibika.

Miaka ya 2008 hadi 2010 ilikuwa miaka ya mageuzi makubwa, na Kilosa iliyaonja kwa namna yake. Mwaka 2008 Vodacom ilianzisha M-Pesa nchini, na simu ya mkononi ikawa mkoba wa fedha. Julai 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM ulizinduliwa, ukaiunganisha Dar es Salaam na ulimwengu kwa nyaya za nuru. Na mwishoni mwa mwaka huo huo, kuingia Januari 2010, Mto Mkondoa ulifurika, ukaibomoa Reli ya Kati kati ya Kilosa na Gulwe, ukawaacha maelfu bila makazi, na treni zikasimama kwa miezi. Vitabu vya elimu hii husema kwamba nguzo za usalama ni tatu, siri, uadilifu wa taarifa na upatikanaji, na wanafunzi wengi huidharau ya tatu kwa kuidhania haina wadukuzi ndani yake. Asiyeelewa kwa nini upatikanaji umehesabiwa katika usalama na awaulize watu wa Kilosa waliokaa miezi ile wakiitazama njia yao imekatika, wala hapakuwa na adui aliyeikata.

Sheria ilifuata nyuma ya vyombo. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 iliweka msingi wa timu ya taifa ya kuitikia matukio ya kompyuta. Sheria ya Makosa ya Mtandao ilianza kutumika tarehe 1 Septemba 2015, ikapokelewa kwa mabishano makali, kwa kuwa pamoja na kumkamata mwizi na mghushi ilikuwa na vifungu juu ya habari za uongo ambavyo waandishi na watetezi wa haki waliviona vinaubana ulimi wa raia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyopitishwa mwaka 2022 na kuanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, ndiyo ninayoihesabu kuwa bora katika zote hizo, kwa sababu inamwekea masharti yule anayezishika taarifa za watu. Chuo kinachomfundisha mlinzi hakina budi kumfundisha sheria zote pamoja na mabishano yake. Mlinzi asiyejua mipaka yake ni hatari kwa wale anaowalinda.

Sasa natoka kwenye vitabu niende sokoni. Hakuna mwenye simu katika Tanzania ambaye hajapata kupokea ujumbe wa kumwambia kwamba ile pesa aitume kwenye namba hii, na jina litakalotokea ni la fulani. Taarifa za Mamlaka ya Mawasiliano zimeutaja Mkoa wa Morogoro, pamoja na Rukwa, miongoni mwa mikoa iliyoongoza kwa majaribio ya ulaghai wa simu, na Kilosa na Mikumi zimo katika mkoa huo. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza mwaka 2019, laini zisizosajiliwa zikaanza kufungwa Januari 2020, na bado hiyana haikukoma. Mkulima aliyeuza ufuta wake, mama anayengoja ada ya mtoto itumwe, wakala aliyeketi kibandani pembeni mwa barabara kuu ya kwenda Iringa, hawaibiwi kwa kuvunjwa namba tasa. Huibiwa kwa haraka, kwa hofu na kwa huruma yao. Chaula alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba mfumo ni mashine na watu, na ningependa kuona ndaki zetu zikiwatuma wanafunzi kuchunguza vibanda vya wakala vya Mikumi, Ruaha na Kimamba kwa uangalifu ule ule wanaoutumia kuchunguza msimbo wa programu. Humo mna utafiti wa uzamili ambao haujaandikwa na ambao chuo cha Ulaya hakiwezi kutuandikia.

Reli ya kisasa imepita Kilosa kwa madaraja na kwa mahandaki yaliyotobolewa katika milima ile ile iliyowachosha wapagazi, na tarehe 1 Agosti 2024 safari za Dar es Salaam hadi Dodoma zilizinduliwa rasmi. Treni hiyo huendeshwa kwa umeme na kuongozwa kwa ishara zinazokwenda kwa mawimbi na kompyuta, na tiketi yake hununuliwa mtandaoni. Kwa mara ya kwanza katika historia ya bonde la Mkondoa, habari zinazopita humo zaweza kulindwa na mtu aliyezaliwa humo, aliyesomea nchini mwake, katika chuo anachokifikia kwa saa chache na kurudi.

Lililobaki halimo mikononi mwa wahandisi. Nawaomba walimu na wazazi wa Kilosa na Mikumi, hasa wenye mabinti, wasimkatishe mtoto tamaa ya hisabati katika kidato cha pili kwa kumwambia kwamba somo ni gumu, wala wasimwondoe katika tahasusi zenye hisabati, kama PCM, PGM au EGM, kwa kuhofia matokeo. Milango ya shahada hizi hufunguliwa kwa hisabati. Na aliyekwisha kufaulu kidato cha sita ajaze maombi ya chuo na ya Bodi ya Mikopo mapema, mara madirisha yanapofunguliwa, na nakala za vyeti vyake zikiwa tayari zimethibitishwa.